Ada Inalipwa Utende, Bahari Inaanzia Kwetu
Barua ya wazi kutoka Dimani, Kibiti

Kwa: Bodi ya Wadhamini, Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu
Nakala: Wizara ya Mifugo na Uvuvi, Halmashauri za Wilaya za Mafia na Kibiti

YAH: ADA ZA HIFADHI, DORIA NA UKODISHAJI WA VISIWA

Waheshimiwa,



Naandika kutoka Dimani, wilayani Kibiti, na swali lenu la kwanza nalijua kabla hamjaliuliza: mtu wa Kibiti anatafuta nini kwenye ada za Mafia? Hifadhi iko ng'ambo, ofisi yake iko Utende, na mpaka wake haukugusa kijiji hata kimoja cha upande wetu. Mimi ni mpiga mbizi. Msimu wa wageni ukianza navuka kwa boti kutoka Nyamisati hadi Kilindoni, nabeba mitungi ya hewa, nawaongoza watu chini ya maji katika Ghuba ya Chole. Kusi ikikaza narudi nyumbani kulima na kuvua. Pande zote mbili za mkondo ni kazini kwangu. Wenzangu wengi katika shughuli hii ni wenyeji wa Mafia, sisi wa bara tu wachache, na yaliyomo humu tumeyasema mara nyingi juu ya boti tukisubiri maji yapungue nguvu pale Mlango wa Kinasi.

Niwatoe hofu mapema: hatukatai kulipa, wala hatuwafundishi wageni kukataa. Wazee waliovua kabla ya Hifadhi wanakumbuka kwamba Ghuba ya Chole na fungu la Kitutia yalitangazwa kuwa maeneo tengefu tangu 1975. Tangazo lilikuwapo, boti ya kulilinda haikuwapo. Baruti zikaendelea kulipuka, na matumbawe yaliyochukua mamia ya miaka kujijenga yakawa kifusi kwa asubuhi moja. Kilichobadili mambo ni Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu, Namba 29 ya 1994. Mwaka uliofuata Mafia ikapata hifadhi ya kwanza ya bahari nchini, kilomita za mraba 822, na leo mgeni akishuka Kinasi akakutana uso kwa uso na chewa mkubwa kama mtu mzima, anakutana na matunda ya sheria ile. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto na matumbawe ya pwani yote hii yakageuka meupe na kufa kwa wingi, tulijifunza pia kuwa hakuna doria ya kuzuia joto. Lakini fungu lililokufa kwa joto hubaki limesimama, na matumbawe machanga hupata pa kushika. Lililopigwa baruti ni changarawe inayosukumwa na kila bamvua. Tofauti hiyo tunaiona kwa macho yetu kila tunapozama, na ndiyo sababu hamtasikia mpiga mbizi akisema Hifadhi ifutwe.

Ugomvi wetu na ada ni jinsi inavyohesabiwa, na kimya kinachofuata ikishalipwa.

Kwa miaka mingi kiwango kilichozoeleka kwa mgeni kutoka nje kimekuwa dola 20 kwa kila saa 24 anazokuwa ndani ya mpaka. Ikiongezwa VAT ya asilimia 18 inakuwa dola 23.60. Kwa mtu aliyeletwa na ndege ndogo kutoka Dar es Salaam, akalala usiku wa kwanza na wa pili kwenye hoteli ya ufukweni na kuondoka, hela hiyo haimkoseshi usingizi. Lakini huyo si mpiga mbizi, ni mpita njia mwenye miwani ya maji. Mpiga mbizi anakuja kukaa. Anataka kuiona Kinasi maji yakijaa na kuiona tena yakitoka. Anaivizia siku ambayo bahari ya nje itatulia ili ashuke Dindini. Anataka kurudi fungu lile lile kwa sababu jana pweza alimpita bila yeye kujua. Akikaa siku kumi, amelipa dola 236 za hifadhi peke yake, hajagusa gharama ya mtungi hata mmoja. Sisi tunaofanya naye kazi tunajua anapobana. Ada hawezi kuipunguza, kwa hiyo anapunguza siku, anapunguza mbizi ya mchana, na mwisho anapunguza bahasha ya mwongozaji na ya nahodha. Mzigo uliokusudiwa kumwangukia mtu wa Ulaya unamteremkia kijana wa Kiegeani anayepakia mitungi.

Kuna kisiwa Karibi kinaitwa Bonaire, ambacho wapiga mbizi duniani kote hukitaja kama mahujaji wanavyotaja Makka. Kina hifadhi ya bahari tangu 1979. Walipoanza kuwatoza wapiga mbizi, mwaka 1992, walitoza dola 10, na kibali kilikuwa cha mwaka mzima. Kimepanda bei mara kadhaa, tangu 2023 ni dola 40, lakini bado ni cha mwaka mzima. Kutia nanga juu ya matumbawe kule ni marufuku, na sehemu za kuzamia zimewekewa maboya ya kufungia vyombo. Sisemi tuige viwango vyao. Wao wanapokea meli kubwa za watalii, sisi tunapokea ndege za abiria kumi na wawili, na hesabu za watu wengi haziwezi kuwa sawa na hesabu za watu wachache. Nasema tu kwamba kibali cha wiki, au cha msimu, kingemnufaisha anayekaa kuliko anayepita, na anayekaa ndiye anayekula samaki wa Utende, anayekodi baiskeli Kilindoni, anayemjua mwongozaji wake kwa jina. Ada ya sasa inamwadhibu mgeni tunayemhitaji kuliko wote.

Hesabu hii ya saa 24 ina kichekesho chake pia. Kuanzia Oktoba hadi Machi papa potwe hukusanyika karibu na Kilindoni, upande wa magharibi, wakifuata vijidudu na vikamba vidogo vya baharini. Ndio wanaoleta wageni wengi kuliko kitu kingine chochote Mafia. Nenda uwanja wa ndege Disemba usikilize abiria wanazungumzia nini. Basi potwe wako nje ya mpaka wa Hifadhi. Mgeni aliyelala Utende anaamka alfajiri, anavuka kisiwa kwa gari, anaogelea na potwe asubuhi nzima katika maji yasiyo ya Hifadhi, anarudi jioni, na siku hiyo nzima imehesabiwa kwenye ada ya Hifadhi kwa sababu kitanda chake kiko ndani ya mpaka. Sasa fikirini upande wa pili: mnyama mwenye thamani kubwa kuliko wote kwa utalii wa kisiwa anaogelea mahali ambapo sheria yenu haifiki. Wageni wakiuliza fedha zao zinamlinda nani, tunabaki kutazamana.

Na swali hilo wanauliza kweli. Mtu anapewa kontroo namba, analipa, anapata stakabadhi. Baada ya hapo hakuna anayesikia chochote. Mpiga mbizi hupima ada kwa vitu anavyoviona: Je, boya la mwaka jana lipo, au tunashusha nanga na kuomba Mungu iangukie mchanga? Je, boti ya doria imepita leo? Mtungi wa mafuta ya doria unanunuliwa na nani mwisho wa mwaka wa fedha, fungu la bajeti linapokauka? Zahanati ya Jibondo, darasa la Juani, kisima cha Chole: kipi kimejengwa kwa hela za wageni na kipi kimejengwa na mbunge akaisifia Hifadhi? Sidai kwamba hakuna kilichofanyika. Nadai kwamba anayelipa na anayeishi hapo wote wawili hawajui, na kutojua huko kunawaumiza ninyi kuliko kunavyotuumiza sisi. Hifadhi inayofanya kazi nzuri kwa siri hupokea lawama hadharani.

Hapa ndipo Kibiti inapoingia, na naomba msomaji wa ofisini asiruke sehemu hii.

Mwaka 2004 nchi yetu iliandikisha eneo la Rufiji–Mafia–Kilwa kwenye Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhioevu, karibu kilomita za mraba 6,000, kwa majina matatu katika mstari mmoja. Waliochora mpaka ule walielewa kitu ambacho mvuvi wa delta hahitaji kusomeshwa: mto, mikoko, mkondo na matumbawe ni nyumba moja. Delta ya Rufiji ina mikoko ya takriban hekta 53,000, na hakuna msitu wa mikoko unaoufikia kwa ukubwa katika Afrika Mashariki. Humo kwenye mizizi ndimo wanamokulia kambamiti na samaki wengi kabla ya kutoka kwenda baharini. Nguva wachache waliobaki nchini wanaonekana zaidi kwenye maji haya ya kati, baina ya midomo ya mto, Mafia na Kilwa, wakilisha kwenye nyasi za bahari. Mpiga mbizi anaujua uhusiano huu kwa njia ya kero: mvua za masika zikichanganya huko juu ya mto, maji ya mkondo yanageuka rangi ya chai ya maziwa na mgeni haoni hata mapezi yake mwenyewe.

Na mto wenyewe haukubaki ulivyokuwa. Desemba 2022 bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa maji kwa ajili ya umeme wa megawati 2,115. Umeme tunautaka, hakuna ubishi. Lakini udongo uliokuwa ukiteremka kila mwaka kujenga delta sasa una mahali pengine pa kutua, na delta isiyoletewa udongo hulika na bahari. Aprili 2024 mafuriko yalizamisha mashamba na nyumba Rufiji na Kibiti. Watu waliopoteza mpunga wao mwaka ule hawakukaa kusubiri. Wengine waliingia mikokoni kufyeka shamba jipya, wengine walishika nyavu na kuelekea baharini. Mtu huyo aliyeelekea baharini ndiye atakayekutana na boti yenu ya doria. Kwenye taarifa ataandikwa "mvuvi haramu kutoka bara". Hakuna safu ya kuandika alivyofika hapo.

Ninachosema ni kwamba ada inakusanywa upande mmoja wa nyumba wakati paa linavuja upande mwingine. Senti moja ya mgeni wa Utende haivuki mkondo kuja kulinda mikoko inayomlisha samaki aliyekuja kumtazama. Sijui kama sheria ya 1994 inawazuia, lakini sheria hiyo hiyo inaipa kila hifadhi kamati ya ushauri, na kwenye kamati mtu anaweza kukaribishwa. Kibiti haijakaribishwa kwa sababu haimo kwenye ramani ya kilomita 822. Ramani ya Ramsar nayo ni ya serikali hiyo hiyo.

Kuhusu doria nitasema kwa uangalifu, maana ni jambo lenye watu ndani yake.

Wavuvi wa delta wana desturi ya kwenda dago. Familia inahamia kisiwani kwa msimu, inajenga kibanda, inavua, inakausha, inarudi. Mababu zetu walikwenda dago Mafia na visiwa vyake, wakaoa huko, na ndiyo maana leo kila nyumba ya Kibiti ina shangazi Jibondo au mjomba Bweni. Hifadhi ilipogawa bahari katika maeneo yake matatu, eneo la msingi lisiloguswa, eneo la matumizi maalumu na eneo la matumizi ya jumla, mkazi wa kijiji cha ndani alitambuliwa na mtu wa dago akawa mgeni anayehitaji kibali. Kitaalamu inaeleweka, hifadhi haiwezi kumruhusu kila mwenye mtumbwi. Lakini mstari huo ulipita katikati ya koo. Jibondo wenyewe, walio ndani ya mpaka, walivutana na Hifadhi kwa miaka kuhusu zana na maeneo, hadi wasomi wakaandika. Hifadhi ikikosana na walio ndani, si ajabu kwamba walio nje hawajawahi hata kuelezwa.

Halafu kuna jambo ambalo mtu wa Dar es Salaam huenda halioni. Mwaka 2017 Kibiti, Mkuranga na Rufiji tulipita katika kipindi cha mauaji ambacho hakuna familia iliyokisahau. Ikaundwa kanda maalumu ya kipolisi, misako ikafanyika, usafiri wa usiku ukakatazwa, watu wakajifunza kuogopa mlio wa injini gizani. Mtu mwenye silaha anayekuja kwa boti bila kutaja jina wala kazi yake, kwetu ana maana ya ziada. Silaumu askari wa hifadhi; anafanya kazi ngumu kwa mshahara mdogo, na waliokuwa wakipiga baruti nao hawakuwa malaika. Nasema njia ya kumkaribia mvuvi wa upande huu inahitaji kufikiriwa upya na watu wanaoijua historia hiyo.

Mfano wa kufuata hauko mbali. Kisiwa cha Chumbe, Unguja, kilifanywa hifadhi mwaka 1994. Walinzi wake wa kwanza walichukuliwa kutoka vijiji vya wavuvi vya jirani, na hawakupewa bunduki. Kazi yao ilikuwa kumfuata mvuvi aliyeingia, kumsalimu, kumweleza kwa nini fungu lile limefungwa na samaki watakavyotoka kwenda kwenye mafungu yake. Ilichukua muda. Mafungu ya Chumbe leo ni miongoni mwa yaliyo hai zaidi katika pwani hii. Najua mtasema Chumbe ni kipande kidogo na Mafia ni bahari kubwa. Kweli. Lakini askari anayeitwa kwa jina la baba yake anaweza kufika mahali ambapo injini ya farasi mia mbili haifiki. Waajirini vijana wa Salale, wa Mbuchi, wa Kiongoroni. Wapo wanaozama bila mtungi kwa pumzi ambayo wageni wetu hawaiamini, wanaijua milango ya delta usiku bila taa, na wengi wao hawana kazi.

Nisiwanyime haki yenu kwenye baruti. Kuanzia 2015, kikosi cha pamoja cha taasisi za serikali kilipoanza kufuatilia mtandao mzima, milipuko ilipungua sana pwani yetu. Ilipungua kwa sababu mara hii walifuatwa wanaoiuza. Baruti haitoki baharini. Inatoka kwenye machimbo na kwenye ujenzi wa barabara, inapita mikononi mwa watu wenye magari na simu nzuri, na mvuvi ni wa mwisho kwenye mnyororo, ndiye anayekatika mkono. Serikali ilipolielewa hilo, kazi iliyoshindikana tangu enzi za wazee wetu ikafanyika kwa miaka michache. Naomba akili hiyo hiyo itumike kwenye kokoro na nyavu za macho madogo. Nyavu hizo zinaingizwa kwa kontena na kuuzwa dukani mchana kweupe. Kuzichoma za mvuvi mmoja ufukweni mbele ya kamera hakumgusi aliyezileta.

Sasa visiwa. Nimeliacha hili mwisho kwa sababu ndilo linalozungumzwa kwa sauti ya chini.

Shungimbili, Nyororo na Mbarakuni vilitangazwa kuwa maeneo tengefu mwaka 2007. Shungimbili, kisiwa kidogo magharibi ya Mafia, kwenye mkondo unaotutenganisha na wao, tangu 2016 ni mahali ambapo kundi moja la wageni hukodi kisiwa kizima, kwa jina la Thanda. Sina neno baya juu ya wenye hoteli ile, na nakubali hoja kwamba wageni wachache wanaolipa sana wanaumiza bahari kidogo kuliko wengi wanaolipa kiduchu. Chumbe nayo inaishi kwa hoja hiyo: vibanda saba tu, vyoo visivyotumia maji, maji ya mvua yakikingwa kwenye paa. Mimi mwenyewe, nikilazimishwa kuchagua baina ya vibanda saba na gati la boti za muziki, sitafikiri mara mbili.

Lakini kisiwa kidogo kwenye mkondo hakikuwahi kuwa kitupu kwa maana anayoielewa mtu wa uwekezaji. Kwa mvuvi ni mahali pa kujibanza upepo wa kusi ukigeuka ghafla, pa kushona jarife, pa kukausha samaki, pa kumlaza mwenzako aliyechomwa na taa hadi maji yajae mrudi. Kikikodishwa, mambo hayo yanaondoka bila kuandikwa popote, kwa sababu hayakuwahi kuandikwa popote. Mkataba wa kisiwa chochote kitakachofuata, na maneno ya uchumi wa buluu yanatuambia vitafuata, uwe na kifungu kinachosema wazi: chombo kilicho hatarini kina haki ya kufika ufukweni, mchana au usiku, na nahodha wake hatashtakiwa. Mabaharia wa pwani hii hawakuhitaji kifungu hicho zamani. Siku hizi kuna uzio na walinzi, kwa hiyo kiandikwe.

Na mkataba wenyewe usomwe kabla ya kusainiwa. Mtu wa Kibiti akisema hivi msimwone mkorofi; tuna kumbukumbu. Miaka ya 1990 kampuni moja ilitaka kuigeuza delta yetu kuwa shamba la kambamiti la maelfu ya hekta, kubwa kuliko mashamba yote ya aina hiyo duniani, kama walivyojisifu wenyewe. Baraza la Mazingira, NEMC, lilishauri mradi ukataliwe. Serikali ikauidhinisha hata hivyo, mwaka 1997. Wanakijiji wa delta wakakaa, wakachanga, wakaenda mahakamani, na mradi ukafa kabla bwawa la kwanza halijachimbwa. Mikoko ile ambayo leo inaitwa hazina ya taifa, ya Ramsar, ya hewa ya ukaa, iko hai kwa sehemu kubwa kwa sababu wavuvi wasio na vyeti walisema hapana wakati wenye vyeti walisema ndiyo. Ningependa jambo hilo likumbukwe kila tunapoitwa wasiojua thamani ya uhifadhi.

Kwa hiyo tunaomba nini? Kibali cha wiki au cha msimu kwa wanaokuja kukaa, angalau kwa majaribio ya mwaka mmoja mpime mapato yameshuka au yamepanda. Hesabu ya makusanyo na matumizi itolewe kila mwaka kwa Kiswahili, ibandikwe kila kijiji cha Hifadhi, na ibandikwe pia Nyamisati, kwa kuwa ndiko maelfu ya watu wanakovukia. Maboya ya kufungia vyombo yarudishwe kabla ya mambo mengine yote, kwa sababu nanga inayoburuzwa hainyamazi hata siku moja. Potwe wawekewe kanuni zenye meno kule waliko, kwa makubaliano na Halmashauri ya Mafia, hata kama si ndani ya mpaka wenu. Kibiti ipate kiti kwenye kamati ya ushauri, na kiti hicho asikalie mtumishi wa wilaya aliyehamishiwa mwezi uliopita kutoka mkoa usio na bahari. Akalie mvuvi au mama wa kambamiti aliyechaguliwa na vikundi vya wavuvi vya usimamizi wa fukwe (BMU) vya delta. Na mikataba ya visiwa isomwe hadharani, pande zote mbili za mkondo, kwa lugha ambayo bibi yangu angeielewa.

Mengi ya haya hayahitaji fedha mpya. Yanahitaji boti moja ivuke kuja upande huu ikiwa imebeba makaratasi badala ya bunduki.

Mkiamua kuja, njooni maji mafu, wiki ambayo wavuvi wengi wako nyumbani. Msije bamvua mkakuta vijiji vitupu halafu mkaandika kwamba wananchi hawakujitokeza. Boti za delta zinaingia na kutoka kwa kufuata maji, kwa hiyo mkutano wa saa nne asubuhi unaweza kuanza saa nane; mje na subira na chakula chenu. Dimani tuna mwembe mkubwa wa kukalia na ofisi ya mtendaji yenye ubao wa matangazo. Hesabu mtakazoleta zitabandikwa siku hiyo hiyo, na tutakaa hapo hapo kuzipitia pamoja nanyi, mstari kwa mstari.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mpiga mbizi
Dimani, Kibiti